"Usiseme Mpaka Upate" ni Wosia wa Hasara

Kwa kawaida dirisha la maombi ya Chevening, ufadhili wa masomo wa Uingereza, hufunguliwa mwezi Agosti, na kila mwaka vijana wengi wa Tanzania na Kenya hujaza fomu zake mlango ukiwa umefungwa. Ndivyo wafanyavyo pia wanaoomba Fulbright ya Marekani, DAAD ya Ujerumani, ufadhili wa Jumuiya ya Madola au Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya. Wote wamepewa wosia mmoja: usiseme mpaka upate. Ukishapata, usiseme mpaka viza itoke. Viza ikitoka, usiseme mpaka ndege ipae. Watu wana macho, na si kila anayekuchekea anakutakia heri. Wosia huu hutoka kwa mama anayempenda mwanawe, kwa mchungaji, kwa shehe, kwa rafiki aliyekwisha kusafiri. Umerudiwa hata ukahesabiwa kuwa ndiyo busara yenyewe, na anayethubutu kusema "nimeomba" huonekana mropokaji anayejiharibia riziki kwa mdomo wake.

Nasema wazi kwamba wosia huu ni wa hasara. Haumlindi mwombaji na lolote linaloweza kumkosesha ufadhili, na unamnyima karibu kila kitu kinachoweza kumsaidia kuupata. Unamfanya aandike vibaya, aombe kwa kuchelewa, aibiwe na matapeli, asubiri kwa mateso na akikosa aomboleze peke yake. Tena husuda tunayoikimbia hunenepa kwa siri hiyo hiyo. Najua ninawapinga watu wazima wenye mapenzi mema, kwa hiyo nitaanza na hoja yao iliyo nzito kuliko zote.

Hoja hiyo ni ya Nabii Yusuf. Kijana yule aliota nyota kumi na moja, jua na mwezi vikimsujudia. Kisa chake kinajulikana kwa Waislamu na kwa Wakristo: ndugu zake walimwonea kijicho wakamtumbukiza shimoni. Katika Kurani, baba yake, Yakub, alimwonya mapema asiwasimulie ndugu zake ndoto ile. Basi, husema watetezi wa siri, ikiwa Nabii aliambiwa afiche, wewe ni nani hata utangaze? Ni hoja yenye heshima yake. Lakini tukisome kisa chote. Yakub aliijuaje ndoto ile? Yusuf alimweleza mwenyewe, bila kuulizwa. Angeufuata wosia wa siku hizi, angekaa na ndoto kifuani na baba yake asingepata nafasi ya kumshauri neno. Na mbele ya kisa, Yusuf alitoka gerezani pale mtu aliyekijua kipaji chake alipomtaja mbele ya mfalme. Fundisho la kisa hiki ni kuchagua wa kumwambia, na kuwa na mtu wa kukutaja pale usipoweza kufika. Kukifanya ushahidi wa kunyamaza mbele ya kila mtu ni kukisoma nusu.

Sasa tutazame jinsi ufadhili unavyopatikana, maana hapo ndipo wosia huu unapoanguka. Anayeogopa jicho hudhani ombi lake linaweza kuharibika njiani kama maziwa yaliyoachwa wazi. Ombi haliharibiki hivyo. Limefika kwenye mfumo wa waandaaji, litasomwa na watu wasiomjua jirani yako wala shangazi yako, na litapimwa kwa yale yaliyoandikwa. Chevening, iliyoanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1983, humtaka mwombaji awe na shahada ya kwanza na uzoefu wa kazi wa saa 2,800, achague kozi tatu za shahada ya uzamili, na aahidi kurudi nchini kwake kwa miaka miwili baada ya masomo. Kwa miaka mingi imetaka pia insha kuhusu uongozi wa mwombaji, namna anavyojenga mahusiano ya kikazi, sababu ya kuchagua kozi zake na mipango yake ya kazi. Akipita hapo huitwa kwenye usaili, na hapo hudaiwa barua za wadhamini wawili. Insha, usaili na barua: ndivyo vinavyoamua. Na hakuna hata kimoja ambacho mtu hukifanya vizuri akiwa peke yake.

Chukua insha. Sisi tumelelewa kuona haya kujisifu. Mtu aliyefanya jambo kubwa husema "tulifanya", na akisifiwa husema ni Mungu na wenzake. Ni malezi mema, nami sitaki tuyatupe. Lakini kamati ya uteuzi inauliza swali jingine: wewe ulifanya nini? Mwombaji anayeandika kwa siri huandika kwamba "tulianzisha mradi wa maji kijijini na ukafanikiwa", kisha akaenda aya inayofuata. Angempa rafiki aliyekuwa naye kijijini asome, angeulizwa mara moja: tulianzisha nani? Si wewe uliyekwenda wilayani na kurudi mpaka kibali kikatoka? Si wewe uliyewakalisha chini wazee wa pande mbili waliokuwa wakigombania chemchemi? Mbona hukuandika? Nimesoma insha nyingi za vijana wetu, na kasoro niliyoikuta zaidi ya zote ni hii: mwenye insha hayumo ndani ya insha yake. Wanaokumbuka matendo yetu kuliko sisi wenyewe ni wenzetu, na wosia wa siri ndio unaowazuia wasiione karatasi.

Nenda kwa wadhamini. Mhadhiri anayeambiwa leo kwamba barua inatakiwa kesho ataandika mistari michache ya jumla: namfahamu, alikuwa mwanafunzi mwenye bidii, anafaa. Barua ya namna hiyo haimsaidii mtu yeyote. Mhadhiri aliyeshirikishwa tangu mwanzo, akapewa insha asome, akaambiwa kozi zilizochaguliwa na sababu zake, ataandika kuhusu utafiti fulani, siku fulani, kazi fulani uliyoiokoa. Tena atakuambia mapema kwamba kozi ya pili uliyochagua haifanani na mpango wako wa kazi. Wengi huficha mpaka dakika ya mwisho kwa kuogopa kwamba hata mhadhiri ana jicho. Kisha hulalamika kwamba wadhamini wa hapa kwetu hawajui kuandika barua.

Na usaili? Kujibu maswali mbele ya watu wasiokujua, kwa Kiingereza, kuhusu maisha yako mwenyewe, ni kazi inayotaka mazoezi mbele ya macho ya watu. Mtu aliyejizoeza peke yake chumbani hukutana na swali gumu kwa mara ya kwanza mbele ya waamuzi. Aliyekaa na wenzake watatu wakamhoji bila huruma, wakamkatiza, wakamwambia kwamba jibu lake la uongozi lilikuwa hotuba tupu, huingia akiwa amekwisha kuanguka na kuinuka.

Kuna sababu nyingine ya kuficha ambayo haitajwi sana, kwa kuwa haina heshima ya dini wala ya mila. Ni hesabu: nikimwambia fulani, ataomba naye, na atachukua nafasi yangu. Basi tuifanye hesabu hiyo. Tuseme watu 2,000 wanagombea nafasi 20. Ingekuwa kura ya bahati, ungekuwa na nafasi moja kwa mia. Mwambie rafiki yako, naye aombe. Sasa mko 2,001. Fungu lako limepungua kwa chini ya sehemu moja ya elfu ya lile ulilokuwa nalo. Hicho ndicho ulichokilinda kwa kumficha ndugu yako habari. Ulichokipoteza ni msomaji wa insha zako, mwenzako wa mazoezi ya usaili, na mtu wa kukukumbusha tarehe. Na kwa kuwa si kura ya bahati, ombi lililosomwa na kusahihishwa na wengine lina faida kubwa juu ya ombi lililofichwa.

Hesabu hiyo ya choyo ina waathirika wasioonekana. Habari za ufadhili huzunguka miongoni mwa watu wa Nairobi na Dar es Salaam waliosoma shule zinazojulikana, wanaofanya kazi karibu na balozi, mabenki na mashirika ya kimataifa. Mwalimu aliyeko Kibondo, muuguzi wa Lodwar na afisa kilimo wa Sumbawanga hupata tangazo kwenye kundi la WhatsApp wiki ambayo dirisha linafungwa, likiwa limesambazwa na mtu ambaye yeye mwenyewe ameshatuma ombi lake. Wangapi wamejiengua kwa kudhani hawana sifa, hali zile saa 2,800 huweza kuhesabu hata kazi ya kujitolea na mafunzo kazini? Wangapi wamekata tamaa kwa kudhani kuna ada ya maombi, hali hakuna? Hawakukosa akili. Walikosa mtu wa kuwaambia, kwa sababu waliojua walikuwa wameusiwa kunyamaza.

Anayefaidi ukimya huu kuliko wote ni tapeli. Wakala wa uongo huja na maneno matamu: nafasi zimebaki chache, nina mtu wangu ndani, lipia ada ya kushughulikia faili, na tafadhali usimwambie mtu, jambo hili ni la siri. Kijana aliyelelewa kwenye wosia wa siri haoni ajabu yoyote katika sentensi hiyo ya mwisho. Ndivyo alivyofundishwa nyumbani. Hamuulizi kaka yake, hamuulizi mwalimu, hamuulizi aliyewahi kupata. Analipa, tena analipa mara ya pili, na akigundua ameibiwa hasemi kwa aibu, ili tapeli aende kwa mwingine. Swali moja tu kwa mtu mmoja anayejua lingetosha kumwokoa, maana yeyote aliyewahi kuomba Chevening au Fulbright angemwambia papo hapo kwamba hakuna ada.

Ajabu ni kwamba historia yetu wenyewe inaupinga wosia huu. Mwaka 1959, Tom Mboya alipokuwa akihangaikia nafasi za vyuo vya Marekani kwa vijana wa Kenya, jambo hilo halikufanywa gizani. Vijana wengi walikuwa wamepata vyuo lakini hawakuwa na nauli wala fedha za matumizi. Familia ziliuza mifugo, vijiji viliitisha mikutano ya michango, watu walialikwa chai ili watoe walichonacho. Huko Marekani, Harry Belafonte, Jackie Robinson na Sidney Poitier walitia majina yao kwenye barua ya kuomba fedha kwa umma. Septemba ya mwaka huo ndege ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata Wangari Maathai alikuwa miongoni mwa karibu 300 walioondoka. Akasoma biolojia katika chuo cha Mount St. Scholastica, mjini Atchison, jimbo la Kansas, na mwaka 2004 akatunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Je, husuda haikuwepo siku zile? Ilikuwepo kama ilivyo leo, na wengi waliotaka kwenda hawakwenda. Lakini aliyeondoka aliondoka na jasho la watu waliomjua kwa jina, na waliobaki walijua kwa nini ameteuliwa yeye na anadaiwa nini akirudi.

Mkumbuke pia Profesa Ali Mazrui wa Mombasa. Alipata daraja la tatu katika mtihani wa cheti cha Cambridge, na Makerere ikamkataa. Akawa karani katika taasisi ya elimu ya Kiislamu mjini kwao. Mlango wake ulifunguka alipohutubu hadharani kwenye sherehe ya Maulidi mbele ya Gavana wa Kenya, Sir Philip Mitchell. Baadaye akapata ufadhili wa serikali kwenda Huddersfield, Uingereza. Kutoka huko alipita Manchester, Columbia na Oxford, na mwaka 1963 akaanza kufundisha Makerere ile ile iliyomkataa. Tunayajua yote haya kwa sababu Mazrui mwenyewe hakuficha kwamba aliwahi kushindwa. Naye Julius Nyerere, kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949, alikuwa mwalimu wa shule ya St. Mary's, Tabora, ambako mkuu wa shule, Padri Richard Walsh, alimhimiza asome zaidi na kumsaidia kupata ufadhili. Nyuma ya kila mmoja wa hawa palikuwa na mtu aliyejua anakotaka kwenda.

Nimesema kuhusu kuomba. Sasa niseme kuhusu kusubiri, maana hapo siri hugeuka ugonjwa. Dirisha la Chevening hufungwa Oktoba au Novemba. Wanaoitwa kwenye usaili hujua mwanzoni mwa mwaka, usaili huendelea kwa wiki nyingi, na majibu huanza kutoka Juni. Mwombaji wa Fulbright anaweza kusubiri zaidi ya mwaka tangu ajaze fomu hadi apande ndege. Katika miezi hiyo maisha ya mtu husimama, na hakuna anayejua kwa nini. Anakataa mkataba wa kazi wa miaka miwili na mama anamshangaa. Anaahirisha kupeleka mahari na familia ya mchumba inaanza kunong'ona. Hanunui kiwanja, halimi, haanzi biashara. Usiku anafungua barua pepe na asubuhi anafungua tena. Akiulizwa ana nini, anajibu hana kitu. Na kwa kuwa moyo hautulii, anatuma ujumbe kwa kikundi cha sala: nina jambo langu, niombeeni. Tazama tulipofika. Tunawaomba watu watuombee kwa Mungu jambo ambalo hatuwaamini kulisikia.

Aliyesema anasubiri kwa namna nyingine. Mchumba anajua kwamba mwezi Juni utaamua tarehe ya harusi, na wamepanga njia mbili: akipata na akikosa. Mke na mume wamekwisha kuzungumza nani atabaki na watoto, kwa sababu Chevening haigharimii wategemezi na mwaka mmoja ni mrefu kwa mtoto mdogo. Mwanamke aliyeolewa ndiye anayeumizwa zaidi na siri hii. Huficha kwa kuogopa maneno ya wakwe, kisha anapopata hupaswa kuishawishi familia nzima kwa wiki chache, huku chuo kinadai uthibitisho, viza inadai cheti cha kipimo cha kifua kikuu, na kikao cha ukoo hakijaitishwa. Mazungumzo yaliyohitaji miezi minane yanabanwa ndani ya siku chache, na nafasi iliyopatikana kwa jasho hupotelea sebuleni. Hakuna hasidi aliyemfanyia hilo. Muda alikuwa nao, na wosia wa siri ukamwambia aupoteze.

Kisha yanakuja majibu. Walio wengi hukosa. Ndivyo ilivyo katika ufadhili wowote unaogombewa na maelfu. Barua ya kukataliwa huwa fupi, na kwa kawaida haielezi kasoro ilikuwa wapi. Aliyeficha huisoma peke yake na kubaki na maelezo mawili tu: ama mimi si kitu, ama kuna mtu kaniharibia. Yote mawili ni sumu, na ukweli kwa kawaida haumo ndani yake. Waliokosa wamo wengi waliostahili, na wengine waliwekwa kwenye orodha ya akiba, wakasubiri, nafasi isifunguke. Wakati mwingine uamuzi haumhusu mwombaji hata kidogo. Juni 2025, karibu wajumbe wote wa bodi inayosimamia Fulbright walijiuzulu, wakieleza kwamba serikali ya Marekani imewanyima ufadhili watu wengi ambao bodi ilikuwa imekwisha kuwachagua kwa mwaka wa masomo unaofuata. Watu wale walikuwa wamepita kila kipimo. Kijana wa kwetu aliyeguswa na jambo la namna hiyo huku amejifungia na siri yake, nani atamwambia kwamba tatizo halikuwa yeye wala jirani yake?

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Maradhi yetu hapa ni kwamba tunawaonesha watu ushindi tu. Aliyekosa hanyanyui mdomo. Aliyepata naye amenyamaza miezi yote hiyo, kisha siku moja picha inatokea: masanduku mawili, uwanja wa ndege wa Julius Nyerere au wa Jomo Kenyatta, na maneno ya kumshukuru Mungu. Anayeitazama picha ile hakuona rasimu zilizochanwa. Hakuona maombi yaliyokataliwa miaka ya nyuma, wala usiku wa kuandika baada ya zamu ya kazi. Ameona mtu aliyekuwa naye jana kwenye daladala, leo yuko London. Unatarajia aeleze vipi? Atasema ana mtu wake ubalozini. Atasema ni mtoto wa fulani. Atasema amekwenda kwa mganga. Ndipo kijicho kinapozaliwa, kwa kuwa hatukumpa njia nyingine ya kuelewa. Angeona safari yote, angeona pia kwamba anaweza kuianza. Mtu anayejua mlango uko wapi na unafunguliwaje hana sababu kubwa ya kumchukia aliyeingia.

Najua pingamizi zilizobaki, na baadhi yake nazikubali. Yupo mwajiri ambaye akijua mfanyakazi wake anaomba masomo atamnyima mkataba mpya. Huyo asiambiwe kabla ya wakati, na nani aambiwe badala yake ni jambo la kupima. Lakini hata hapo siri ina mpaka wake. Mtumishi wa umma anahitaji ruhusa ya masomo, na ufadhili wa Jumuiya ya Madola una njia inayopitia wizara ya elimu ya nchi ya mwombaji. Anayemshtukiza mwajiri kwa barua ya ushindi mwezi Juni huweza kujikuta ana ufadhili mkononi na hana ruhusa. Wapo pia ndugu ambao wakisikia neno Ulaya huanza kuhesabu fedha ambazo hazijapatikana. Dawa yao ni kuambiwa ukweli mapema: huu ni mwaka wa shule, posho ni ya kula na kulala, na kurudi ni sharti. Na anayeogopa aibu ya kukosa baada ya kusema, namuuliza: aibu ya nini? Kuomba jambo gumu na kulikosa ni heshima. Tumeligeuza aibu sisi wenyewe kwa kulificha vizazi na vizazi.

Sitetei kutangaza kila hatua kwenye mitandao. Anayepiga picha fomu yake na kuiweka hadharani hajapata msaada wowote, amepata watazamaji. Ninachodai ni kwamba kila ombi lijulikane na watu wenye kazi juu yake: msomaji wa insha, mdhamini, mwenzi wa maisha, mtu aliyewahi kupita njia hiyo, na rafiki mmoja anayestahili kuomba naye. Hao si hatari kwa riziki yako. Kwa kawaida riziki ya namna hii hupita mikononi mwao.

Na wajibu huu si wa waombaji peke yao. Waliowahi kupata wana deni kubwa zaidi, kwa sababu wao ndio waliobaki wakiurithisha wosia huu kwa wadogo zao. Mhitimu wa Chevening anayeulizwa na kijana "ulifanyaje?" akajibu "omba tu, Mungu atafungua", amemnyima chakula akampa baraka. Amwoneshe insha yake. Amwambie alikosa mara ya kwanza kwa sababu gani. Vyuo vyetu navyo, kuanzia Dodoma hadi Moi, visiridhike kubandika tangazo ukutani. Viitishe mikutano ya wazi ambamo waliopata na waliokosa wanakaa meza moja na kueleza walichojifunza, na wahadhiri wakafundishwa namna ya kuandika barua zinazosema kitu. Na wazazi, viongozi wa dini na wote wanaotoa wosia wa siri kwa upendo wautafakari tena. Mtoto akija na ndoto yake, wafanye alivyofanya Yakub: wamsikilize kwanza, kisha wamsaidie kuchagua wa kumwambia.

Msimu ujao ukifunguliwa, mwambie mwalimu wako kabla hujaandika neno la kwanza. Mpe rafiki insha yako ikiwa bado mbovu, maana ikishakuwa nzuri hatakuwa na la kukusaidia. Mtumie tangazo mtu mmoja wa mbali ambaye hakuna mwingine atakayemkumbuka. Kaa na wa nyumbani mwako mpange Juni ya kupata na Juni ya kukosa. Na majibu yakitoka, yawe ya aina gani, warudie wote hao uwaeleze ulichojibiwa, ili anayeomba baada yako aanze pale ulipofika wewe.